Usianze na Jina: Namna ya Kuutambua Mmea Usioujua

Katika mitaa mingi ya Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu za Kenya upo mti ambao watu wanauita mwarobaini. Majani yake huchumwa, huchemshwa, na maji yake machungu hunywewa kwa homa, kwa tumbo, hata kwa vipele vya ngozi. Mara nyingi mti huo si mwarobaini. Ni ndugu yake, mmelia, ambao jina lake la kitaalamu ni Melia azedarach, na matunda yake ni sumu kwa binadamu. Mwarobaini wenyewe, Azadirachta indica, ni mti wa joto. Umejaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Dodoma, lakini haupatani na baridi ya milimani. Jina lilipanda mlima, mti ukabaki chini.

Kuitofautisha miti hii miwili hakuhitaji maabara. Chuma kitawi cha kila mmoja uviweke mezani. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja kirefu, na pande zote mbili za kikonyo hicho kuna vijijani vilivyopinda kama mundu, kingo zake zikiwa na meno ya msumeno. Ukikitazama kijijani kimoja kwa karibu utaona upande wake mmoja ni mpana kuliko mwingine. Jani la mmelia halikomei hapo: kikonyo chenyewe kinagawanyika kuwa vikonyo vidogo, na vidogo hivyo ndivyo vinavyobeba vijijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau hafifu. Matunda ya mwarobaini huiva na kudondoka. Ya mmelia hubaki yakining'inia mtini kama shanga za njano hata majani yakiwa yameshapukutika, na kokwa yake ina tundu la asili katikati, ndiyo maana tangu zamani imetumika kutunga tasbihi na rozari.

Aliyeuita mmelia mwarobaini hakuwa mjinga. Aliona majani yanayofanana, akakumbuka jina analolijua, akaacha kutazama. Hilo ndilo kosa linalowapata wengi. Jina likishatangulia, macho hutafuta ya kulithibitisha na kuyaruka yanayolipinga. Mwongozo huu unakwenda kinyume: mmea kwanza, jina mwisho.

Kabla ya kugusa

Rudi nyuma hatua tatu au nne uutazame mmea wote pamoja na mahali ulipo. Swali la kwanza ni kama umepandwa au umejiotea. Mimea iliyopangwa mstari kando ya uzio ililetwa na mtu, kwa hiyo mwenye nyumba wa zamani au jirani wa muda mrefu ataijua. Mche uliochipua kwenye lundo la taka za jikoni huenda ni mbegu ya tunda lililoliwa nyumbani: papai, stafeli, parachichi, tikiti. Uliochomoza bustanini wiki chache baada ya kumwaga samadi ulikuja tumboni mwa ng'ombe. Na vichaka vinavyoota chini ya waya wa umeme, au chini ya tawi wanapotua ndege jioni, kwa kawaida vina matunda madogo yenye nyama ambayo ndege huyala na kuziangusha mbegu.

Kisha tazama umbo. Je, ni mti wenye shina moja, kichaka chenye mashina mengi kutoka chini, mmea unaotambaa, au unaopanda juu ya mwingine? Kama unapanda, unajishikiza kwa nini: kwa miiba, kwa vikono vilivyojisokota, kwa vijizizi, au shina lenyewe ndilo linalozunguka? Na ukikuta nyuzi za njano au za kijani hafifu zimetandazwa juu ya uzio kama wavu, hazina majani wala hazigusi ardhi, usihangaike kutafuta majani. Hiyo ni mimea inyonyayo mingine. Ule wa pwani huitwa mlangamia.

Eneo lenyewe lina mengi ya kusema. Mikoko haioti Iringa. Mmea uliouona kwenye mawe ya matumbawe ya Unguja hutaukuta msituni Uluguru ila kwa bahati. Andika mahali, udongo wa aina gani, jua au kivuli, karibu na maji au mbali. Maelezo haya huonekana madogo shambani, lakini ndiyo ya kwanza kuulizwa na mtaalamu.

Jani linaanzia wapi?

Swali hili linachekesha mpaka mtu alijaribu. Kinachoonekana kama jani huenda ni kipande tu cha jani. Tafuta kichipukizi, kile kijicho kidogo kinachokaa penye pembe kati ya kikonyo na shina. Jani zima lina kichipukizi hapo lilipoungana na kitawi, kijijani hakina. Ukichukua "tawi dogo" la mlonge na kulifuata kwa kidole mpaka chini, utagundua kuwa hilo lote, lenye vijijani vingi vya mviringo, ni jani moja. Mkwaju nao uko hivyo, na mjakaranda pia. Mwembe, mpera na mkorosho majani yake ni ya kipande kimoja.

Ukishajua jani ni lipi, tazama yamepangwaje kwenye kitawi. Yanatazamana mawili mawili, yanapishana moja moja, au yamezunguka shina sehemu moja? Alama hii ni ya thamani kubwa kwa sababu hubadilika kwa nadra ndani ya aina moja, wakati ukubwa wa jani hubadilika kwa mvua tu. Mpera na mzambarau majani hutazamana. Ya mwembe hupishana. Mkahawa hutazamana, na zaidi ya hapo, kati ya vikonyo viwili vinavyotazamana kuna kijipande chembamba cha pembetatu kilichokaa shinani. Kijipande hicho ni alama ya ukoo mzima wa mkahawa. Anayekijua anaweza kuupunguza msitu mzima wa maswali kwa mtazamo mmoja.

Mfano mwingine ni wa majani yenye umbo la kiganja, yanayowachanganya wengi: mhogo, mbono na mpapai. La mhogo limepasuka karibu mpaka kwenye kikonyo, hivyo "vidole" vinakaribia kujitegemea, na kingo zake hazina meno. La mbono vidole vyake vimeungana kwenye kiganja kipana, kingo ni za msumeno, na kikonyo hakishiki ukingoni: kinashika ndani ya jani lenyewe, kama mpini wa mwavuli. La mpapai ukikata kikonyo chake utakuta uwazi ndani, mrija ambao watoto huufanya filimbi. Mbono una mbegu zenye sumu kali, kwa hiyo kuupambanua na mimea mingine si jambo la kupoteza muda.

Baada ya macho, vidole. Shika shina changa ulizungushe polepole kati ya kidole gumba na cha shahada. Mrehani, kivumbasi na nanaa vina shina la pembe nne, na kwa sababu majani yake hutazamana na hunukia, mtu angeweza kusema kila chenye alama hizo tatu ni cha ukoo huo. Asiseme. Lantana, kile kichaka cha maua madogo yanayogeuka kutoka njano kuwa waridi, nacho kina shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali, lakini ni cha ukoo mwingine na shina lake lina vijimiba. Alama moja huongoza. Nyingi zikikubaliana ndipo pana uhakika.

Inua jani ulielekeze kwenye mwanga wa jua. La mchungwa, mlimau au mndimu litaonyesha vitone vidogo vinavyong'aa, ambavyo ni vifuko vya mafuta. Vitone hivyo vimo pia kwenye majani ya mkaratusi na mkarafuu. Lifikiche, unuse, ukumbuke harufu ile kwa kulinganisha na kitu unachokijua: limau, kitunguu saumu, karanga mbichi, dawa ya kikohozi. Harufu haikai kwenye picha, kwa hiyo iandikwe hapo hapo.

Utomvu nao utazamwe, ila kwa uangalifu. Ukivunja jani likatoa maziwa meupe, umeingia kwenye kundi lenye mkuyu na mpapai, lakini pia lenye mnyaa, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani unaopandwa kuwa uzio. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Asiyejua anavunja nini avunje mbali na uso, na anawe mikono kabla ya kugusa chochote. Kuonja hakumo katika mwongozo huu hata kidogo. Vitabu vya kale vya mimea hutaja ladha, lakini walioviandika walikuwa wameshajua wameshika nini.

Umri unavyodanganya

Wapo watu waliozaliwa na kukulia kando ya mbuyu na wanaapa hawajawahi kuuona mche wake. Wameupita mara nyingi. Mche wa mbuyu hutoa kwanza majani ya kipande kimoja, yasiyogawanyika. Vidole vile vitano au zaidi ambavyo kila mtu anavijua huja baadaye. Jina lake la kitaalamu, Adansonia digitata, linatokana na vidole hivyo, kwa hiyo hata mwenye kulijua jina atadanganyika mbele ya mche. Mkaratusi wa aina ya Eucalyptus globulus ndio uliozidi: ukiwa mchanga majani yake ni ya duara, yana rangi ya kijivu kibuluu na hutazamana bila vikonyo, ukikua huwa marefu yaliyopinda kama upanga na yananing'inia. Mtu akiletewa vitawi vya umri huo na huu bila kuambiwa, atasema ni miti tofauti.

Mvinje una udanganyifu wake. Kwa mbali, mgeni wa pwani huuita msonobari kwa sababu ya zile sindano. Ichukue sindano moja uivute taratibu kwa mikono miwili: itaachana kwenye kiungo, safi, kama vipande vya fimbo ya kuvulia. Tazama pale ilipoachana. Kuna taji la vijino vidogo sana vilivyozunguka kiungo, na vijino hivyo ndivyo majani ya mvinje. Sindano yote ni kitawi. Msonobari halisi sindano zake hazina viungo, na hutoka kwa mafungu, kila fungu mahali pamoja. Jaribio hili huchukua sekunde kumi, na mtoto wa darasa la tatu akifundishwa mara moja halisahau.

Kwa sababu ya haya, mwenye haraka ya jina mara nyingi inambidi asubiri. Koo za mimea zimepangwa zaidi kwa maua na matunda, na mmea usio na ua unaweza kumshinda hata bingwa. Funga kitambaa kwenye tawi, andika tarehe, rudi baada ya mvua za vuli au masika. Ua likitoka, hesabu petali: tatu na mafungu ya tatu huashiria kundi la nyasi, migomba, mayungiyungi na minazi, ambayo majani yake kwa kawaida mishipa huenda sambamba. Nne au tano huashiria kundi jingine, lenye mishipa ya wavu. Pasua tunda kwa kisu uone mbegu zimekaaje. Topetope, tomoko na stafeli huchanganywa sana kwa majani, lakini matunda yanamaliza ubishi: la kwanza lina mafundofundo, la pili ngozi yake ni laini kiasi, la tatu ni kubwa lenye vijimiba laini.

Kumuuliza mzee bila kumtia jibu mdomoni

Mimea ya Afrika Mashariki imetajwa kwa lugha nyingi kabla haijaandikwa, na anayejua zaidi huenda ni mchungaji. Yeye anajua mbuzi wanakula nini, wanaruka nini, na nini kiliwaua mwaka wa ukame. Mganga wa tiba asili, mama anayechuma mboga za pori, fundi seremala, mkata kuni: kila mmoja anaujua mmea kwa upande wake.

Lakini kuna namna ya kuuliza. Ukimwonyesha mzee tawi na kusema, "Mzee, huu si mjohoro?" adabu itamfanya akubali, hasa mgeni akiwa ametoka mbali. Uliza badala yake, "Babu, huu hapa kwenu mnauitaje? Mnautumia kwa kazi gani? Huchanua lini?" Halafu muulize mtu mwingine, mahali pengine, asiyemsikia wa kwanza. Majina yakilingana, mna jambo. Yakitofautiana, yaandike yote pamoja na lugha yake. Mzeituni mwitu kwa Wamaasai ni oloirien na kwa Wakikuyu ni mutamaiyu. Mwenye majina hayo mawili anaweza kuutafuta kwenye vitabu hata kama hana jina la Kiswahili. Kitabu cha Mbuya na wenzake kuhusu miti na vichaka vyenye manufaa nchini Tanzania, kilichotoka mwaka 1994, kinaorodhesha majina ya makabila. Bernd Heine na Karsten Legère walikusanya majina ya mimea ya Kiswahili na kuyachapisha mwaka 1995. Vitabu hivi vinafaa kutafutwa maktabani.

Jina la kitaalamu la maneno mawili lina faida ya kuwa moja dunia nzima, ingawa nalo hubadilika wataalamu wanapopata ushahidi mpya. Migunga yetu ilikuwa Acacia. Baada ya uamuzi wa mkutano wa wataalamu wa mimea mjini Vienna mwaka 2005, mingi sasa ni Vachellia au Senegalia. Mti ni ule ule na miiba ni ile ile. Anayetafuta habari zake atafute kwa jina jipya na la zamani.

Sumu inayofanana na mboga

Mnavu ni mboga inayopendwa kuanzia Kilimanjaro hadi Kisumu. Una maua madogo meupe kama nyota yenye kitovu cha njano, yakiwa kwa vishada, na matunda yake ni ya duara, madogo kama njegere. Datura ni ya ukoo huo huo na huota kwenye mashamba na majalala yale yale. Ikiwa changa, majani yake yanaweza kuingia kwenye kapu la mchumaji mwenye haraka. Ikikua haifichiki: ua moja moja kubwa kama tarumbeta, tunda lenye miiba, na majani yenye harufu mbaya yakifikichwa. Mbegu zake huchanganyika na nafaka na maharage wakati wa kuvuna. Mwaka 2019 katika eneo la Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua baada ya kula unga wa msaada, na watano wakafariki. Uchunguzi ulikuta ndani ya unga ule atropini na skopolamini, sumu zilizomo kwenye datura.

Gloriosa ni mfano wa uzuri unaotisha. Ua lake ni kama mwali wa moto, jekundu na njano, petali zimegeukia juu. Hata bila ua hutambulika: ncha ya jani imejisokota kama mkia wa kinyonga ili kushika kichaka cha jirani. Chini ya ardhi kuna kiazi ambacho mwenye njaa anaweza kukidhania kiazi kikuu cha pori, na ndani yake mna kolchisini, inayoua.

Watoto waonyeshwe mapema mbegu mbili. Ya mturituri ni nyekundu ing'aayo yenye doa jeusi, inapendeza mno kwa shanga, na ikitafunwa ni hatari kubwa. Ya mbono kaburi haina uchungu wa kumzuia mtoto, kwa hiyo watoto huila wakicheza karibu na uzio, kisha hutapika na kuharisha. Mtu akila mmea usiojulikana, asitapishwe kwa nguvu. Apelekwe hospitali mara moja, na mmea aliokula upelekwe pamoja naye: tawi, tunda, hata kile kilichobaki mkononi. Tabibu mwenye tawi mbele yake anaanza mbali kuliko tabibu mwenye maelezo ya "majani fulani ya kijani".

Liko na gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lililotoka Amerika ya kitropiki na kuripotiwa Arusha mwaka 2010. Majani yake machanga yamekatikakatika kama ya karoti, ndipo jina. Lakini karoti huchanua mwavuli wa maua, na gugu hili hutoa vichwa vidogo vyeupe vilivyotawanyika, kila kimoja na pembe tano. Shina lake lina mifereji ya kwenda juu. Huwasha ngozi, huchochea pumu, na maziwa ya ng'ombe aliyelila huwa na ladha mbaya. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, kwa hiyo ling'olewe kabla ya kuchanua, kwa glovu, na afisa kilimo wa kata aarifiwe.

Mmea wa sebuleni

Mimea ya vyungu ina ugumu wake, kwa kuwa muuzaji mara nyingi huipa jina la kuvutia wateja. Hapa chanzo kizuri ni kibandiko cha kwenye chungu kikiwepo, na kama hakipo, zile hatua za jani na shina zinafanya kazi vile vile. Mmoja wa kuujua haraka ni Dieffenbachia, wenye majani mapana ya kijani yaliyotapakaa madoa meupe. Ndani yake mna fuwele ndogo kama sindano. Mtoto akilitafuna jani, mdomo na ulimi huvimba. Uwekwe juu asikofika mtoto anayetambaa.

Mwingine una habari ya kufurahisha. Ule wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, unaovumilia giza la ofisi na kusahauliwa kumwagiliwa, ni Zamioculcas zamiifolia. Unauzwa mijini kama mgeni kutoka ng'ambo, ilhali kwao ni hapa: huota porini kuanzia pwani ya Kenya, Tanzania Bara na Visiwani, hadi Afrika Kusini. Ua dogo la buluu-zambarau lililojaa madirishani Ulaya nalo ni la kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliukuta mmea wake na kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha. Wajerumani mpaka leo wanauita kwa jina la Usambara. Waliokuwa wakipita miambani mwa Tanga kila siku walikuwa wakiuona kabla ya hapo.

Simu mkononi

Programu kama PlantNet, iliyotengenezwa Ufaransa, na iNaturalist, ambayo watumiaji wengine huthibitisha jibu, zimesaidia sana na hazina gharama zaidi ya bando. Zitumike kwa akili. Programu hujifunza kwa picha zilizopigwa, na mimea iliyopigwa picha nyingi ni ya bustani za mijini na ya Ulaya. Mmea wa msitu wa Rondo huenda hauna picha za kutosha, na simu itakupa jina la ulio karibu nao kwa sura. Asilimia inayoonyeshwa ni kiasi cha kufanana, haisemi kwamba jibu ni sahihi.

Ipime kwanza kwa mmea unaoujua. Piga picha mchicha wa nyumbani na mwarobaini wa jirani, uone inasema nini. Kisha kwa mgeni wako, piga picha tano: mmea mzima, sehemu ya juu ya jani, sehemu ya chini ya jani, pale jani linaposhikana na shina, na ua au tunda likiwepo. Weka karatasi nyeupe au kiganja nyuma ya jani ili programu isichanganye na majani ya jirani. Jibu likija, lichukue kama shahidi mmoja, ulipeleke kwenye yale uliyoyaandika: jani linatazamana kweli? Maua yake ni meupe kweli? Likigoma hata kwenye alama moja kubwa, jina si hilo. Na hakuna jibu la simu linalotosha kuruhusu mmea kuingia chunguni.

Ukishindwa kabisa

Kausha mfano. Kata kitawi kinachotosha ndani ya gazeti lililokunjwa, chenye majani yaliyoshikana na shina, na chenye ua au tunda. Kikizidi urefu, kikunje kama herufi V. Geuza jani moja ili mgongo wake uonekane. Weka gazeti kati ya vipande viwili vya boksi, juu yake weka matofali au vitabu vizito, na kwa siku chache za mwanzo badilisha gazeti kila siku, la sivyo kuvu itatangulia. Andika kwa penseli, maana wino huchujuka: tarehe, kijiji na wilaya, urefu wa mmea, rangi ya ua lilipokuwa bichi, harufu, utomvu, na majina uliyopewa pamoja na lugha zake.

Mfano kama huo una mahali pa kwenda. Hebaria ni maktaba ya mimea iliyokaushwa, na kubwa kuliko zote katika ukanda huu iko Nairobi, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikiwa na karibu mifano milioni 1. Ilianzia kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1902, na mwaka 1950 makusanyo yakahamishiwa Nairobi. Tanzania ina hebaria ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kutokana na mifano ya aina hii, wataalamu waliandika mfululizo mkubwa wa vitabu kuhusu mimea ya porini ya Kenya, Tanzania na Uganda, kuanzia mwaka 1952 hadi mwaka 2012, na kufikia zaidi ya aina 12,000. Miaka 60 ya kazi, na mimea mipya bado inaendelea kupatikana.

Kwa hiyo ukipeleka gazeti lako huko, usione haya kwa kukosa jina. Peleka ua, peleka mahali, na peleka jina walilokupa wazee wa kijijini kwako hata kama unadhani halina maana kwa msomi, kwa sababu hilo ndilo pekee ambalo mtaalamu hawezi kulisoma kwenye jani.